Anti, kapteni anataka tupandishwe gari gizani halafu tuingie Dar kama mashujaa

Shikamoo Anti,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Mwanza, mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Nakuandikia nikiwa Morogoro, nyumba ya wageni karibu na Msamvu. Tumetoka Mwanza kwa baiskeli watu watano, wanaume wanne na mimi, kwenda Dar es Salaam kuchangisha fedha za watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Mtoto wa dada yangu alizaliwa hivyo. Alipowekewa mpira wa kutoa maji kichwani nilikuwa naye wodini, nikaona akina mama wenzake waliouza kila kitu ili wapate nauli tu ya kufika pale. Niliporudi nyumbani nikaanza mazoezi ya baiskeli.

Hadi Dodoma nilikuwa vizuri. Sekenke tuliisukuma kwa miguu, Singida upepo ulitupiga usoni kutwa, nikavumilia. Shida imeanza baada ya Kibaigwa. Nina kidonda mahali ninapokalia, na sijamwambia mtu kwa sababu mwanamke ni mimi peke yangu. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na cha mwisho, vina ganzi. Jana nilishindwa kufunga vifungo vya shati. Goti la kulia linauma kwa mbele kila penye kilima.

Tumechelewa kwa sababu ya mvua, na kwa sababu gurudumu la mwenzetu mmoja lilivunjika Gairo tukakaa kusubiri jingine. Leo ni Alhamisi. Mapokezi ni Jumamosi saa nne asubuhi, na mgeni rasmi amethibitisha. Kapteni wetu, kaka tunayemheshimu sana na ndiye aliyetafuta wafadhili, ametoa mapendekezo mawili. La kwanza ni kwamba tuondoke kesho usiku, tuendeshe hadi kunapambazuka. La pili ni kwamba mimi na kijana mwingine aliyeumia tupakiwe kwenye gari la kusindikiza hadi Kibaha, tushushwe kabla hakujakucha, tuingie mjini na wenzetu mbele ya kamera, na hilo libaki kati yetu watano na dereva. Wafadhili wengi wameahidi kila mmoja wetu Sh100 kwa kilomita. Kapteni anasema fedha ni za watoto, hakuna anayekula hata senti, kwa hiyo hapo hakuna uongo. Nilipobisha akanitajia John Stephen Akhwari, yule mkimbiaji wetu wa marathoni ya Olimpiki, kwamba Mtanzania akianza anamaliza. Nikaondoka mezani nikaenda kulia chooni.

Kuna jambo jingine ambalo sijui hata nilielezeje. Usiku nashtuka nikiwa na hofu ya kufika. Michango iliyoingia ni nusu tu ya lengo. Najiuliza wiki ijayo nitasimamaje mbele ya darasa la tatu kufundisha kuzidisha. Sitaki safari iishe, na kuendelea siwezi. Mume wangu anasema nipande basi nirudi. Dada yangu hajui lolote, na yuko njiani kuja Dar na mtoto kunipokea.

Nifanyeje?

Mwalimu wa Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nilikujibu kwa ujumbe wa simu siku ileile, maana barabara haisubiri toleo la gazeti. Niliyokuandikia ndiyo haya, na nimeyachapa kwa ruhusa yako kwa sababu wapo wengine wanaopanga safari kama hiyo.

Kuondoka usiku, hapana. Hapo sina mjadala. Kutoka Morogoro hadi Chalinze ni takriban kilomita 85, na kwa mwendo wenu wa watu waliochoka, tuseme kilomita 15 kwa saa, mkiondoka saa mbili usiku mtafika Chalinze kama saa nane. Ndipo hapo magari ya Tanga, Kilimanjaro na Arusha yanapokutana na ya Mbeya na Dodoma, na humo yamo malori yanayohudumia Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi kutoka bandarini. Kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri ndiyo saa ambazo mwili wa binadamu unadai usingizi kwa nguvu zote. Mwili wako utaudai, na wa dereva wa semitrela aliyetoka Tunduma utaudai vilevile. Wewe una vidole visivyokamata breki sawasawa. Kapteni akikuuliza kwa nini umekataa, mwambie hilo la breki, linatosha.

Sasa twende kwenye kidonda, kwa sababu hicho ndicho kitakachoamua mengine yote. Kabla hujajibizana na mtu, nenda hospitali hapo hapo Morogoro, omba uonwe na daktari au muuguzi wa kike kama unaona haya. Vidonda vya kiti cha baiskeli huanzishwa na msuguano, jasho na unyevu. Ngozi ikichubuka, bakteria wanaingia. Kama ni mchubuko tu, osha kwa maji safi na sabuni laini, kausha kabisa, lala bila nguo ya kubana, na ukipanda tena paka mafuta ya mgando kwa wingi. Kaptura ya baiskeli ivaliwe bila chupi ndani, maana mishono ya chupi ndiyo inayokata ngozi, na isivaliwe siku mbili bila kufuliwa. Hili wanawake wengi hawaambiwi, kwa kuwa wanaofundisha ni wanaume na wanaona aibu kulisema. Lakini kama pamevimba, pana moto, panatoa usaha, au umepata homa, hiyo ni jipu, na safari yako ya baiskeli imeishia Morogoro. Usinunue vidonge vya kuua bakteria dukani kwa kubahatisha. Daktari aone.

Ganzi ya vidole hivyo viwili inatokana na mshipa wa fahamu unaopita upande wa kidole cha mwisho, chini ya kiganja. Ukiegemea usukani kutwa nzima, unaubana. Mara nyingi hurudi wenyewe ukiacha kuubana, ila huchukua siku au wiki kadhaa, na ukiendelea kuubana unaweza kuchelewa sana kupona. Kushindwa kufunga vifungo kunaonyesha umeshafika mbali, kwa hiyo mwonyeshe daktari na hilo. Ukiruhusiwa kupanda, mwambie fundi ainue usukani kidogo, vaa glavu zenye sponji, na badilisha mahali pa kushika kila baada ya dakika chache. Goti linalouma mbele mara nyingi linasababishwa na kiti kilichoshuka mno na gia nzito. Pandisha kiti kidogo kidogo, na penye kilima weka gia nyepesi, miguu izunguke haraka bila kukandamiza. Na kuanzia Chalinze joto la Pwani litawakausha: usinywe maji matupu kutwa, changanya na ORS, kwa sababu jasho linaondoka na chumvi.

Nimekaa sana kwenye suala la mwili makusudi. Ulilifanya kuwa aya moja ya barua yako, kati ya mlima Sekenke na mgeni rasmi.

Sasa la gari. Mwanangu, kupanda gari si kosa. Kosa ni giza. Ukipakiwa kutoka Morogoro hadi Kibaha ni karibu kilomita 150, na kwa Sh100 ni Sh15,000 kwa kila mfadhili, katika ahadi inayozidi Sh110,000 kwa safari nzima. Kwa ajili ya hiyo tofauti mnataka kubeba siri ya watu sita. Dereva ana mke, kijana mwenzako ana simu, na barabara ile ina watu wanaopiga picha. Siku itakapotoka, hawatasema mwalimu fulani alipumzika kwa sababu ya kidonda. Watasema ile michango ya watoto wa vichwa vikubwa ilikuwa usanii. Atakayelipa ni mama mwingine atakayekuja mwakani na picha ya mwanawe mkononi, akaulizwa, "Na wewe ni kama wale wa baiskeli?" Kapteni anasema hakuna anayekula senti. Ni kweli, lakini mfadhili alitoa fedha pamoja na imani yake, na hiyo imani si mali yenu kuichezea hata kwa nia njema.

Tuma ujumbe leo. Usiandike maelezo marefu ya kujitetea. Andika hivi: "Ndugu mfadhili, nimefika Morogoro. Daktari ameniambia nipumzishe mwili, kwa hiyo kutoka hapa hadi Kibaha nitapanda gari la kusindikiza. Kilomita hizo, karibu 150, ziondoe kwenye ahadi yako ukipenda. Watoto bado wanatuhitaji. Asante sana." Basi. Wako watakaopunguza, na ni haki yao. Naamini wengi hawatapunguza, na baadhi wataongeza, maana mtu akiambiwa ukweli unaomgharimu msemaji, anamsikiliza kwa sikio jingine.

Nimekasirika kidogo kuona Akhwari akitumiwa kukunyamazisha. Tukimtaja, tumtaje kama alivyokuwa. Tarehe 20 Oktoba 1968, Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, alianguka katikati ya mbio, goti likaumia vibaya na bega likagonga chini. Akafungwa bandeji, akaendelea. Waliotoka kwenye mstari walikuwa 75, waliomaliza 57, na yeye alikuwa wa 57. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda zaidi ya saa moja kabla. Aliingia uwanjani jioni watu wengi wameshaondoka, akichechemea, mguu umefungwa, damu inaonekana. Baadaye alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile kuanza mbio, ilimtuma kumaliza. Lakini angalia alivyomaliza. Kila aliyekuwapo aliiona bandeji. Angeingizwa na gari hadi mlango wa uwanja kisha akakimbia mzunguko wa mwisho, leo tusingemtaja, na tungemtaja tungeinamisha uso.

Na yupo ambaye hakumaliza kabisa. Terry Fox, kijana wa Canada, alikatwa mguu wa kulia mwaka 1977 kwa saratani ya mfupa. Aprili 12, 1980 alianza kukimbia kwa mguu wa bandia kuivuka nchi yake, karibu marathoni nzima kila siku, kuchangisha fedha za utafiti wa saratani. Alitaka dola moja kutoka kwa kila Mkanada. Septemba 1, baada ya kilomita 5,373, alisimama nje kidogo ya Thunder Bay kwa sababu saratani ilikuwa imefika mapafuni. Akawaambia watu waziwazi kilichomsimamisha, akilia, amelazwa kwenye machela. Hakurudi barabarani tena. Alifariki Juni 1981 akiwa na umri wa miaka 22. Ilipofika Februari mwaka huo michango ilikuwa imepita dola milioni 24, yaani ile dola moja kwa kila mtu, na mbio za kumkumbuka zinaendelea hadi leo. Watu walitoa baada ya yeye kusimama.

Kuhusu kapteni mwenyewe, usimfanye adui. Amebeba simu za wafadhili, za waandishi na za ofisi ya mgeni rasmi, na anaona kuchelewa ni fedheha yake. Mtu wa namna hiyo usimkabili mezani mbele ya wenzake. Mwite pembeni asubuhi, ukiwa na karatasi ya daktari mkononi, umwambie: "Kaka, umetufikisha hapa salama na nakushukuru. Usiku sitaendesha. Gari nitapanda, ila wafadhili wangu nimeshawaambia." Ujumbe uwe umeshatumwa kabla hujamwita, ili mazungumzo yasiwe ya kuomba ruhusa ya kusema kweli. Kisha mpe njia ya kutokea. Walio wazima waondoke Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, gari likiwa nyuma yao na taa za tahadhari zinawaka. Wakazane asubuhi, kwa maana mchana upepo wa baharini unapanda na watakuwa wanaelekea nao uso kwa uso. Wakilala Mlandizi, watabakiza kama kilomita 55 za Jumamosi. Wakianza kunapokucha wanaweza kufika kwenye saa nne au tano. Nguvu zikiwaishia Chalinze, basi walale Chalinze, na kapteni apige simu ofisi ya mgeni rasmi kuomba shughuli isogezwe hadi alasiri. Simu hiyo ni nyepesi kuliko ile ya kumpigia mzazi wa kijana aliyegongwa Ruvu saa tisa usiku.

Wewe ungana nao Kibaha mchana kweupe kama daktari ameruhusu. Akikataa, shuka kwenye gari mahali pa mapokezi na utembee kwa miguu yako hadi walipo wenzako. Mtangazaji akikuuliza, jibu.

Na ukipewa kipaza sauti, usiipoteze nafasi hiyo kwa kusimulia Sekenke. Waambie akina mama kwamba uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo za mimba, wengi wakiwa hata hawajajua kama ni wajawazito, na ndiyo maana vidonge vya foliki asidi vinafaa kuanza kumezwa kabla ya kushika mimba. Waambie kichwa kikubwa si laana wala uchawi. Ni maji yasiyopata njia, na mpira wa kuyapeleka tumboni unawekwa hapa hapa nchini, kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Waambie mtoto akiwahishwa ana nafasi kubwa zaidi ya kukua na kusoma. Wewe ni mwalimu na umelala wodini na akina mama hao. Hakuna mgeni rasmi atakayeyasema vizuri kuliko wewe.

Fedha nusu iliyobaki nayo ina wakati wake. Ahadi hupoa haraka. Siku mbili tatu baada ya mapokezi, kila mwendeshaji awapigie wafadhili wake mwenyewe, kwa sauti, siyo kwa ujumbe wa kundi la WhatsApp. Fedha ziende moja kwa moja kwenye akaunti au lipa namba ya taasisi itakayowahudumia watoto, zisipitie simu ya mtu yeyote, hata ya kapteni. Mwishoni mwa mwezi tumeni kwa kila aliyechangia hesabu yote: kilichoingia, kilichotumika njiani, kilichofika. Mkifanya hivyo, mwakani hamtaanzia sifuri.

Hofu yako ya kufika naielewa kuliko unavyodhani, na wala si ugonjwa wa ajabu. Tangu mtoke Mwanza, kila asubuhi ulijua unachotakiwa kufanya: kupanda na kwenda mbele. Huzuni iliyokupata wodini uliipa kazi ya kufanya, na miguu ikaibeba. Jumapili hakutakuwa na barabara, na huzuni itakuwa bado ipo. Wanamichezo wengi wa safari ndefu hupitia unyong'onyevu baada ya kumaliza; mwili umezoea jasho la kila siku, umekatwa ghafla, na shangwe zinakwisha jioni hiyohiyo. Kwa hiyo usiingie darasani Jumatatu. Mpigie mwalimu mkuu leo, umwombe siku kadhaa za kupumzika. Lala, kula, na kidonda kikipona endesha mwendo mfupi jioni. Ukipita mwezi hulali vizuri na kila kitu hakina ladha, tafuta daktari, usingoje mumeo aseme umebadilika.

Mumeo ana haki kuogopa. Usimjibu kwa hasira; mtumie picha ya karatasi ya daktari na umwambie kutoka Morogoro unapanda gari.

Amebaki dada yako. Umemficha yeye kuliko watu wote, na ndiye ambaye hutamwonea haya akishajua. Amebadilisha bandeji kwenye kichwa cha mtoto mchanga. Amejifunza kukaa macho usiku akiangalia dalili kwamba mpira umeziba: mtoto anatapika, utosi umetutumka, analala kupita kiasi. Kidonda chako hakitamshtua. Atakuuliza kama umekula. Na kwa kuwa mpira ule unaweza kuziba wakati wowote, kliniki za mtoto zitaendelea miaka mingi, na nauli itatafutwa tena. Hilo ndilo la kukaa naye mlipange kwa utulivu mkishafika Dar, nyie wawili, shughuli ya Jumamosi ikishakwisha.

Hospitali kwanza, mwanangu. Kisha ujumbe kwa wafadhili. Kisha dada, halafu kapteni. Nitumie neno moja ukishatoka kwa daktari, saa yoyote ile.

Anti